Mbio za Ujiji na Saa Yangu ya Mtumba

Niliondoka Tabora kwa sababu ya Asha, binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka tisa na ana kifafa. Mama yangu, anayemlea huko Kasingirima, Ujiji, alikuwa akimfungia ndani kila penye mkusanyiko. Niliposikia kuna mbio za nusu marathoni Ujiji za kuchangia dawa za watoto wenye kifafa, nikasema hizi zangu! Mimi fundi cherehani, mwili nimejaliwa, sijawahi kukimbia hata kwa kufukuza mwizi. Nikafanya mazoezi miezi minne, wateja wakinicheka huku wakichangia. Nikanunua na saa ya mtumba, ile ya wakimbiaji, ili nirudi na muda wa kuwaringia.

Ijumaa asubuhi treni iliingia Kigoma. Nilipoliona ziwa nikapiga kigelegele peke yangu. Jirani yangu wa kiti akauliza, "Mama, kuna harusi?"

"Ipo kesho," nikamjibu, "na bibi harusi ni mimi."

Saa nne nilikuwa Kasingirima, mbele ya samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Asha aliniganda kama kupe. "Shangazi, kesho nitakuja kukuona?"

Mama akadakia, "Aanguke mbele za watu? Wee! Wanasema mate yake yanaambukiza. Watamkimbia mtoto wangu, na mimi uso nitauweka wapi?"

"Mama, watu wote hao wakimbie kwa ajili yake, halafu yeye afungiwe ndani?"

Mama akainuka. Aliondoa vyombo kwa kelele.

Alasiri nikamburuta Mama hadi uwanjani, tulikokwenda kuchukua namba. Nesi wa pale alituketisha wote, akalaza mto chini na kutufundisha: kifafa hakiambukizi, mtu akianguka mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali mbio. Mama akaguna. Miaka yote yeye alikuwa mtu wa kijiko mdomoni. Tuliporudi aliingia jikoni moja kwa moja, nami nikalala nikijua mlango wa Asha hautafunguliwa.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, filimbi ililia. Jamani, raha ile! Vijana walinipita wakinitania, "Twende mama, tunakuachia barabara!" Nikabonyeza saa yangu na kutoka Ujiji na kundi, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Kibirizi, kando ya ziwa, ndiko tulikogeuzia. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa walisimama wote. "Mwakeye!" wakanisalimu kwa Kiha, kisha mmoja akapaza sauti, "Kaza, mama! Ukichoka tukuanike na wewe!" Nikacheka hadi kiuno kikauma. Nilipopanda kuelekea Mwanga kicheko kiliisha, nikabaki kuutukana mlima kimoyomoyo.

Kasingirima tena, kilomita moja kabla ya kumaliza. Nikainua macho, na kando ya barabara nikamwona Mama. Kashika mkono wa Asha! Nilipiga ukelele watu wakageuka. Asha akaruka, akapunga mkono, akaruka tena, halafu akakakamaa na kwenda chini.

"Msimguse!" mtu akapayuka. Umati ukatawanyika, kila mmoja akivuta mwanawe. Kilichokuwa kikimtisha Mama kikawa kimetokea mchana kweupe.

Nikaiacha barabara. Lakini nilipofika, Mama alikuwa magotini tayari. Asha kalazwa ubavu, khanga ya Mama imekunjwa chini ya kichwa chake, na kijiko hakuna.

"Saa!" akanikaripia. "Unashangaa nini? Anza kuhesabu!"

Nikafuta muda wa mbio, nikaanza upya kutoka sifuri. Kisha Mama akawageukia watu, na sauti ile sikujua anayo. "Mnakimbia nini? Huyu mjukuu wangu, anaitwa Asha! Ana kifafa na hakiambukizi! Mwenye mwavuli alete, jua linampiga!"

Muuza maandazi mmoja akasogea na mwavuli wake. Akaja mwingine, akaja wa tatu.

Dakika mbili na sekunde kumi, mwili wa Asha ukalegea, pumzi ikatulia. Nikabonyeza saa, machozi yakanitoka bila aibu. Nesi yule wa jana alifika, akampima, akatuambia tumwache apumzike. Baada ya muda mrefu Asha akafumbua macho vizuri. "Shangazi, mbona umekaa? Wenzako wamekupita."

Nilimbeba mgongoni. Mama akatangulia kichwa wazi, akisema, "Tupisheni, wakimbiaji tunapita!" Tulimaliza wa mwisho kabisa, kamba za mwisho wa mbio zikifunguliwa, na muuza maandazi akatushangilia kuliko mshindi.

Jumatatu Asha na Mama walinisindikiza stesheni, katikati ya watu, wameshikana mikono.

Sasa nipo Tabora, kwenye cherehani yangu. Wateja wanauliza, "Haya, ulikimbia kwa muda gani?" Nawaonyesha saa: dakika mbili na sekunde kumi. Wanaangua kicheko. Nami nasukuma vitambaa pembeni, namwambia aliyecheka zaidi alale ubavu pale sakafuni, niwaonyeshe wote nilichojifunza kwa Mama.