Sikio la Upande wa Edgar

Kasiani wa Madale alikuwa na tarumbeta mbili, moja mkononi na nyingine sikioni, na wala si utani. Akipuliza noti ya juu, upepo ulimtokea sikio la kushoto: fiiii! Tangu utoto kule Songea sikio hilo lilivuja usaha mpaka ngoma yake ikatoboka, na tundu halikuziba tena. Wenzake wa bendi ya harusi walishazoea. Wageni ndio waligeukageuka kutafuta nani kapiga mluzi.

Upande huo hakusikia kitu cha maana. Binti yake Monica alilijua hilo kabla hajajua kusoma: ukiwa na neno na baba, unamzunguka mpaka kulia.

Sasa mambo mawili yakagongana. Monica kapata mchumba, na Kasiani kapata nafasi ya kupasuliwa sikio. Daktari, dada mmoja mcheshi, akamweleza: atachana kidogo nyuma ya sikio, achukue utando mwembamba unaofunika msuli wa hapo juu, aukaushe, autandaze chini ya tundu na kuushikiza kwa sponji inayoyeyuka yenyewe. Ngozi ya ngoma itatambaa juu yake mpaka izibe.

"Kumbe unawamba ngoma upya!" Kasiani akachekelea.

"Ndiyo, ila hii haipigwi. Miezi mitatu hupulizi tarumbeta, hupengi kamasi, na chafya unapiga mdomo wazi. Upepo ukipanda huko, kiraka kinang'oka."

Miezi mitatu! Na harusi ilikuwa humohumo ndani, jamani. Mtu kawapulizia mabinti wa watu Tegeta nzima akingojea wa kwake, halafu aambiwe akae kimya? Akataka kuahirisha. Monica akamzunguka kulia. "Baba, nenda. Usiponipulizia sitakufa."

Akaenda. Moyo ulimuuma, tusidanganyane.

Nyumbani vikawa vituko. Chafya ikimjia aliachama wee, kisha haaachia! Kuku wa jirani wanatimka. Mkewe Sesilia hakumwamini hata chembe. Alichomoa kile kipande cha kupulizia cha tarumbeta akawa anatembea nacho kwenye pochi, mpaka kanisani.

Siku ya harusi bendi ikajipanga nje ya kanisa. Kasiani, suti imemkaa, akaenda kusimama mahali pake pa siku zote, mikono mitupu, tarumbeta yake imelala kwenye boksi la bendi. Kusikiliza si ruksa? Kushoto kwake alisimama Edgar wa tromboni, mdogo wake Sesilia. Sikio lilishafunguka, mngurumo wa friji alishausikia, na mvua pia. Bendi ndiyo alikuwa bado.

Wakaanza. Loo! Sauti zikamjia huku na huku, akahisi kichwa kimepanuliwa, akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. Mungu wangu, kilio gani hiki?

"Edgar! Ndivyo unavyopigaga?"

Edgar akajifanya hakusikia. Venance wa ngoma akajishika mbavu. "Mzee, sie tungemweka wapi zaidi ya kwenye sikio lako bovu? Ungemsikia ungemfukuza, na dada mtu angetufukuza sie!"

Vidole vikamwasha Kasiani. Apulize kidogo tu, aiokoe harusi ya mwanawe! "Mama Monica, nipe kile kipande!"

"Thubutu!" Sesilia akaibana pochi kwapani.

Hapo ndipo bibi harusi akatoka, vigelegele juu, akamwendea baba yake moja kwa moja. Alifikia kushoto. Kwa mazoea akakusanya gauni lake refu ili amzunguke.

Kasiani akamshika mkono. "Bakia hapohapo. Sema."

Monica akasita. Akalitazama lile sikio, akaliinamia taratibu na kunong'ona, "Baba, anko Edgar ananiharibia harusi."

Machozi yakamtoka Kasiani huku anacheka.

"Najua, mama. Namsikia."