Diski Iliyolinda Mtama

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya fundi wa redio na simu hapa Machakos mjini, nikingojea chaja yangu. Mbele yangu alisimama jamaa wa makamo na mama yake, aliyetoka Kalama. Jamaa alileta diski mbili za gemu alizochezea utotoni, akitaka wanawe nao wazichezee.

Fundi aliziinua moja moja kwenye mwanga, akizishika ukingoni tu.

"Hii imekwaruzika, haisomi tena. Lakini hii ingine ni safi kabisa! Ilikuwa imewekwa wapi?"

"Hiyo mbovu ndiyo nilikuwa nayo kwa droo," jamaa akasema kwa sauti ya chini. "Hii safi, mwaitu, mama yangu huyu, aliitundika shambani."

"Kwa mtama," mama akaongeza. "Isipong'aa, ndege hawaogopi. Kwa hivyo kila jioni naitoa, naipangusa na leso kutoka katikati kwenda nje, halafu naifunga ndani ya kitambaa."

Fundi alicheka. "Mama, hivyo ndivyo mimi huambia wateja kila siku, na hawasikii."

Diski ya mtama ikaingizwa kwenye mashine. Muziki wa gemu ulipolia, jamaa alipiga makofi kama mtoto. Mama naye akanyoosha mkono.

"Sasa nipatie hiyo yako mbovu. Ndege wangu hawachezi gemu."

Mimi nyumbani nina diski kumi na mbili, zimelaliana kwenye droo bila jalada. Natafuta mtu mwenye shamba la mtama.