Jina Tuliloliita Bila Mtoto

Najua utasema huyu ni msanii anayetafuta watu wa kusikiliza wimbo wake. Sikulaumu, hata mimi ningesema hivyo. Lakini soma mpaka mwisho, utaona kwamba ninachotaka ni kinyume kabisa: wimbo huo ukikufikia, usiusikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na hatukuwa tumekunywa kitu zaidi ya chai. Tulikuwa watu watatu ndani ya nyumba ile, na wote watatu tuko hai. Muulize yeyote kati yetu, atakusimulia hivi hivi, ila mmoja atalia.

Tulikuwa na bendi yetu ndogo huku kwetu Merigi, Bomet. Mimi nilipiga chepkong'o, kile chombo cha nyuzi ambacho wazee wetu walipiga jioni wakinywa pombe yao. Mke wangu Chebet aliimba. Rafiki yetu Weldon, ambaye siku nyingine huendesha bodaboda, alipiga ngoma na kurekodi kwa kompyuta yake kuukuu iliyokosa herufi mbili. Tulishawahi kwenda studio moja mjini, na mwenyewe akatuambia chepkong'o inasikika kama mlango usiotiwa mafuta, afadhali tuweke kinanda cha umeme. Tukatoka hapo tumenuna, tukaapa kwamba nyimbo zetu tutazirekodi wenyewe na kuzisambaza wenyewe. Na tulizisambaza kweli: kwa simu, kwa mitandao, kwa flashi ambazo Weldon aliwagawia wenzake wa stejini.

Shida yetu ilikuwa mvua. Anayekaa sehemu hizi za majani chai anajua, mvua ya huku hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa, na mara nyingi huja na mawe. Chini ya bati huwezi kurekodi hata kikohozi. Ndiyo maana tuliingia katika nyumba ya kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, labda ya mwisho kwenye mlima wetu. Kogo alikuwa ameshafariki, na shangazi yangu, ambaye sisi humwita Senge, aliitunza na kuwasha moto humo mara kwa mara ili nyasi zisioze. Niamini, sijawahi kusikia studio nzuri kama ile. Mvua ikinyesha huko nje, ndani unasikia pumzi yako tu.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa tulikosea wapi. Mtoto akizaliwa, wamama wa ukoo hukusanyika karibu naye na kuyaita majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Wanaita na kungoja. Mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto atalichukua jina lake. Ikichelewa sana wanamsogezea ugoro kidogo puani, na wamama wenyewe hucheka kwa ujanja huo. Siku hizi tuko kanisani sote, kuna wachungaji wanaokataza, lakini ukitembea vijijini utakuta nyanya bado wanaita kwa sauti ya chini.

Weldon ndiye aliyeleta wazo la kuufanya wito huo kuwa wimbo. Tulilipenda palepale. Chebet wakati huo alikuwa na mimba kubwa, mtoto wetu wa kwanza, na mimi moyoni nilishajua ninachotaka: nilitaka awe msichana, na nilitaka kogo arudi ndani yake. Kogo ndiye aliyenilea. Nilipokuwa mdogo alikuwa tayari haoni, lakini alinitambua kwa hatua zangu nikiwa bado kwenye kichochoro. Alipofariki nilijiambia tu kwamba tutaonana, kwa sababu kwetu watu huonana hivyo.

Tulijaribu kwanza majina ya kubuni. Wimbo ukawa mwepesi, hauna kitu. Chebet akasema kama ni majina ya kweli, yeye hataita.

"Na hii tumbo? Mimi nitaimba kiitikio tu. Majina iteni nyinyi."

"Ni wimbo, Chebet," Weldon akamwambia. "Si ati tunaita mtu kwa ukweli."

Nikaita mimi. Senge alikuwa ameenda sokoni, hatukumuuliza. Niliita majina ya ukoo wetu yote ninayoyajua, na la mwisho nikaita la kogo. Hapa silitaji, utanisamehe. Niliita ndani ya nyumba yake, kando ya moto wake, kwa mapenzi yangu yote. Unafikiri kuna wito mzuri kuliko huo?

Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga nje. Mlango ukasukumwa, akaingia mama mmoja. Si mzee, mama wa makamo, mrefu, mabega mapana, amejifunika blanketi. Tulidhani ni mmoja wa wachuma chai aliyekimbia mvua. Akatusalimu.

"Takwenya."

Hiyo ni salamu ya zamani, ya kusalimia wanawake na watoto. Chebet akaitikia vilevile kama alivyofundishwa utotoni, na yule mama akatabasamu kama mtu aliyefika nyumbani. Hakungoja kukaribishwa. Alipita upande wa kushoto wa moto, akavuta kigoda kilichokuwa nyuma ya mtungi, kigoda ambacho mimi sikujua kama kipo, akaketi.

"Mtoto iko wapi?" akauliza.

"Mtoto gani, mama?" Weldon akauliza.

"Si mmeita? Nimesikia mpaka huko. Nimekuja. Mtoto iko wapi?"

Na mimi, bila kufikiri, nikacheka. Nikamwambia, "Hapana mama, hakuna mtoto hapa. Tulikuwa tunarekodi wimbo tu."

Laiti ningejikata ulimi. Yule mama alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Uso wake ulikuwa wa mgeni aliyealikwa arusini akakuta watu wanalima. Kisha akasema taratibu kwamba hata kuita hatujui, jina haliitwi kwa haraka hivyo, na akaanza kuita mwenyewe. Weldon alinikonyeza: kompyuta ilikuwa bado inarekodi.

Sauti hiyo siwezi kukuelezea. Chepkong'o nikaipiga bila kujua vidole vinaenda wapi. Aliita majina yale yale niliyoyaita, na mengine ambayo sijawahi kuyasikia. Mwisho akaita lile la kogo, akanyamaza. Akainamisha kichwa. Alikuwa anangoja chafya. Sote tukajikuta tunangoja naye, na ndani ya nyumba hapakuwa na sauti isipokuwa moto.

Akainuka, akamwekea Chebet mkono tumboni.

"Huyu bado hana pua ya kupiga chafya," alisema. "Mmeniita mapema, watoto wangu."

Akatoka. Mawe bado yalikuwa yanaanguka. Weldon alichukua mwavuli amfuate, na mimi nikatoka nyuma yake. Kutoka mlango ule mpaka barabarani ni chai tupu, imekatwa ikafika kiunoni; hata mbwa akipita utaona majani yakitikisika. Hakukuwa na mtu. Weldon akasema labda amekata kona haraka. Kona gani? Tulirudi ndani. Chebet alisema mkono wa yule mama ulikuwa wa moto, kama uliotolewa sasa hivi jikoni.

Hapo bado tungeweza kufuta. Chebet alisema tufute. Lakini Weldon alikuwa amevaa vile visikizio vyake na machozi yanamtoka, anasema, "Brathe, skia hii sauti. Hata hiyo kimya hapo mwisho, usikate." Nikasikiliza. Wewe ungefuta? Tulikuwa tumehangaika miaka kutafuta sauti kama hiyo. Jioni hiyo hiyo Weldon akauweka mtandaoni na kuutuma kwenye magrupu yote, na kwa mara ya kwanza watu wakausambaza wenyewe bila kuombwa. Siku chache tu ikawa kila bodaboda inaucheza. Ukafika Mulot siku ya mnada wa ng'ombe, ukateremka hadi Fort Ternan.

Senge aliusikia kwenye duka la simu. Alirudi nyumbani kwa miguu, ameacha mboga zake sokoni, akasimama uani hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nani amewapa sauti ya mama yangu?"

Nikamwambia ni mama mpita njia. Akaniuliza alivyofanana. Nilipomaliza kumweleza, mabega, urefu, kigoda kilichokuwa nyuma ya mtungi, aliketi chini kwenye majani mabichi.

"Wewe ulimjua akiwa kipofu na mgongo imepinda," alisema. "Mimi nilimjua hivyo unavyosema. Mlimwita bila mtoto! Na ukamwambia nini?"

Nikaenda kumletea kiti.

Halafu simu zikaanza. Mtu wa Mulot alimpigia Weldon kuuliza yule mwimbaji wetu ni nani, maana walipokuwa wakicheza wimbo dukani, mama aliyejifunika blanketi alisimama mlangoni akauliza mtoto yuko wapi. Walimfukuza, wakidhani ni kichaa. Mwalimu mmoja wa Fort Ternan alisimulia hivyo hivyo, ila yeye alimpa chai, na alipogeuka akakuta kikombe kimejaa na mtu hayupo. Weldon aliufuta wimbo kila mahali alipouweka. Ingesaidia nini? Ulikuwa tayari kwenye simu za watu, kwenye flashi, kwenye magari. Kitu tulichokuwa tukijisifia, kwamba muziki wetu hauna mwenyewe wa kuuzuia, ndicho kilichotufunga.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Senge aliwakusanya wamama. Mimi nilikaa nje ya ukuta, nikisikiliza. Wakaliita jina la kogo kwanza, kwa upole, na wakangoja. Wakaliita tena. Wakaita mengine yote ya ukoo, wakarudi mwanzo, wakamsogezea ugoro, na safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto, Chebet aliniambia baadaye, aliwatazama tu kwa macho makavu. Mwishowe niliwasikia wakikunja leso zao mmoja mmoja. Chebet alikuwa akilia, akisema, "Mngojeeni kidogo, yuko njiani, mngojeeni." Tulimpa jina la kanisani, Joy. La nyumbani hana.

Sasa Joy anaenda nasari. Ana afya, anapenda maziwa ya moto, anaongea mpaka jirani wanachoka. Lakini niamini ninapokuambia: mtoto wangu hajawahi kupiga chafya. Hata akiwa na mafua, hata jikoni pilipili ikiungua na sisi wengine tunatoka mbio. Hukunja pua, hufungua mdomo, hungoja, na haitoki. Daktari alimpima akasema hana shida yoyote. Siku chafya inapokwama hivyo, Chebet humbeba mgongoni hata kama ni mkubwa, na haongei na mimi mpaka kesho yake. Chepkong'o nilimpa mtu. Nyumba ya kogo bado tunaiwashia moto kila jioni.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayerekodi nyimbo za kwenu na kuzitupa hewani kama tulivyofanya sisi: waulize waliobaki nyumbani kabla ya kubonyeza. Si kila maneno ni maneno ya wimbo. Na kama una wetu kwenye simu yako, ule wenye chepkong'o na sauti ya mama inayonyamaza ghafla, ufute leo.

Lakini kama ulishaucheza, na mama amesimama mlangoni pako na blanketi yake, anauliza mtoto yuko wapi, tafadhali usimfukuze, na usimwambie hakuna mtoto. Hilo mimi nilishamwambia. Mwambie mtoto amezaliwa. Mwambie yuko Merigi, kwenye nyumba ile ile, na amekua, na bado anamngoja.