Rangi ya Jumamosi Tatu

Harufu ya rangi mbichi hunichefua. Jirani akipaka nyumba yake, mimi hufunga dirisha na kukaa kwenye joto kama mtu anayejiadhibu. Na labda ndivyo ilivyo, kwa sababu kila nikifunga dirisha hilo namkumbuka Kalunde Mulei, mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa nje kidogo ya Kalamba. Mimi nilikuwa karani wa mizani hapohapo mpaka mwaka wa tisini na tatu.

Kalunde aliingia kiwandani mwaka wa sabini na nne kama mfagiaji, mtoto akiwa mgongoni. Kusoma alijifunzia kwenye makatoni ya vipuri. Nilipoajiriwa mimi, funguo zote za stoo zilikuwa kiunoni mwake na kila mtu alimwita Mama Stoo. Ukitaka globu mpya, lete iliyoungua. Ukitaka mkanda wa mashine, lete uliokatika. Kisilu, fundi wetu, alikuwa akisema kwamba siku akifa, Kalunde hatatoa misumari ya jeneza mpaka aletewe ya zamani.

Nje ya kiwanda aliongoza mwethya wa kijiji, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba matuta kwako, Jumamosi ijayo kwangu, kila mtu na jembe lake na chakula chake. Anayeita mwethya amejifunga kuja kwa wenzake wakimwita. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, wala hakuna aliyewahi kuuliza iko wapi.

Basi yeye ndiye aliyeanza kuona. Kila Januari alipeleka ofisini oda ya misumeno mipya ya mashine za kuchambulia, kwa sababu ya zamani hulika. Mwaka ule wa tisini na tatu oda ilirudi bila sahihi. Februari mafuta ya mashine, yaliyokuwa yakija kwa mapipa, yakaanza kuja kwa mikebe. Mkuu wa karakana alistaafu na nafasi yake ikaachwa wazi, hata tangazo halikubandikwa. Halafu wakaja wanaume wawili wenye viatu vya kung'aa na futi ya kupimia. Hawakuuliza lolote kuhusu pamba. Walipima ghala, wakapima ofisi, wakapima uwanja.

"Musyoka," Kalunde aliniambia kwenye mizani, "wamepima mpaka choo. Hao wanatafuta pamba gani ndani ya choo?"

Nilimcheka. Wote tulimcheka. Kisilu alisema Mama Stoo ameanza kuona mashetani ndani ya mikebe ya mafuta. Tulikuwa na akili za kuku, na ninasema hivyo nikiwaomba kuku msamaha.

Yeye hakubishana. Alitafuta kazi kwingine kimyakimya, na hospitali moja ya misheni ikamjibu kwamba inamhitaji stoo, alete jibu kabla ya mwisho wa Machi. Alikuja kwangu kwa sababu Kiingereza changu kilisifiwa. Nikamwandikia barua ya kukubali. Akaiweka ndani ya Biblia yake, akasema ataiposti Jumatatu.

Jumatatu hiyo lori kutoka Emali likashusha rangi. Mapipa na mapipa, ya kijani na nyeupe.

Meneja wetu, Evanson Ndungu, alikuwa mtu wa Kiambu mwenye sauti tamu ya kwaya. Tulisali naye kanisa moja. Siku hiyo alikuja stoo mwenyewe, akaketi juu ya kreti kama mtu wa nyumbani. Mimi nilikuwa pale nikichukua karatasi.

"Mama Stoo, kampuni imeleta rangi lakini haijaleta watu ya kupaka. Nasikia nyinyi mko na mwethya."

"Mwethya ni ya majirani, Bwana Ndungu. Kampuni si jirani."

"Basi naomba kama jirani. Si tunaabudu pamoja? Si naishi hapa na Wanjiro na watoto?"

Kalunde alifunga daftari lake. "Unajua ukiita mwethya na wewe utaitwa? Utakuja kwangu na jembe."

"Nitakuja, mama. Na wimbo nitaanzisha mimi."

"Na hii kiwanda? Wale watu walikuja kupima?"

"Aai, mama. Hao ni watu wa bima. Mimi naweza kuita mwethya hapa na mimi nahama?"

Hapo ndipo Ndungu alipomshika. Rangi peke yake isingemdanganya Kalunde, maana alijua watu hupaka vitu ili waviuze. Lakini katika miaka yake yote hakuwahi kuona mtu akiita mwethya kisha akaondoka kabla ya zamu ya wenzake. Hakujua kwamba kuna binadamu wa namna hiyo. Kesho yake aliichana ile barua mbele yangu, akaniomba niandike nyingine ya kuwashukuru watu wa hospitali na kuikataa kazi. Niliiandika vizuri, nikaiposti siku ileile. Nilijipongeza hata kwa Kiingereza changu.

Tulipaka Jumamosi tatu. Wafanyakazi mia na kumi na wanane, pamoja na wake na waume zetu, tukaja na ngazi za kuazima na chakula chetu cha muthokoi kwenye ndoo. Kalunde alianzisha nyimbo, na Ndungu, mikono ya shati ameikunja, akaitikia kuliko wote. Alikunywa uji kwenye kibuyu kimoja na sisi. Jioni ya Jumamosi ya tatu alifunga kwa sala, akamshukuru Mungu kwa umoja wetu, na macho yake yalikuwa na machozi. Machozi!

Jumatatu, Rahab wa ofisini alileta vocha ya kuchukulia vitu stoo. Bahasha za kaki, mia na kumi na nane.

Kalunde aliisoma mara mbili. "Rahab, hizi ni za nini?"

Rahab alimsogezea vocha karibu zaidi. Kalunde alizihesabu bahasha, akajaza daftari, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, kama alivyofanya karibu miaka ishirini. Kisha akaja kwangu kwenye mizani.

"Ile barua ya kukataa, uliposti?"

"Niliposti, mama."

"Sawa," akasema, akarudi stoo.

Ijumaa tulipewa bahasha hizo, kila moja na barua ya kuachishwa kazi; kiwanda kilikuwa kimeuzwa. Wanunuzi walitaka jengo la kuwekea magunia ya mahindi, na walilipenda sana kwa sababu lilikuwa safi. Kalunde alikwenda hospitali, akamkuta mtu mwingine ameshakabidhiwa funguo.

Ungedhani mtu kama Ndungu angeondoka kwa aibu. Jumamosi iliyofuata alimtuma askari wa geti kwa Kalunde, amwombe watu kumi wa mwethya waje kwenye nyumba yake, ndani ya ua wa kiwanda, kumpakilia vyombo kwenye lori.

Kalunde alikuja peke yake, majembe mawili begani.

"Mama Stoo! Watu wako wapi?"

"Wako kwa shamba yangu, tunachimba matuta. Nimekuja kukuchukua. Hii ni jembe yako."

Ndungu alicheka, akamtazama mkewe ili wacheke pamoja. Wanjiro hakucheka. Aliingia ndani.

"Mama, si unaona nahama?"

"Naona. Hata mimi nilikuwa nimepata pahali pa kuhamia."

"Tutaombeana, mama."

Kalunde alitema mate chini. Sikuwahi kumwona akitema mate kabla ya siku hiyo. Kisha akageuka, akaniona mimi.

Ndiyo, nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa kabati la Ndungu, kwa sababu alikuwa ameniahidi barua ya sifa ya kutafutia kazi. Kalunde aliegemeza lile jembe la pili ukutani, kwenye rangi yetu ya kijani.

"Musyoka, ukimaliza kubeba, njia unaijua."

Nilimaliza kubeba. Kabati, meza, kitanda, mpaka ndoo za rangi iliyobaki. Lori lilipoondoka nilichukua lile jembe nikakimbia nalo, lakini nilipofika shambani watu walikuwa wananawa mikono. Kalunde alilipokea, akaligeuza upande huu na upande huu kama kitu kilichorudishwa stoo, akaona halina udongo. Akasema asante.

Barua ya sifa ilikuwa na mistari mitatu, na sijawahi kumwonyesha mtu. Kalunde bado ananisalimia vizuri tukikutana kanisani, na huniuliza hali ya watoto. Mwaka huu mwethya umechimba kwa jirani yangu wa juu na kwa jirani yangu wa chini. Matuta yangu nayachimba peke yangu.