Nyuzi Tisini na Sita

Sifuri yangu ya kwanza katika fizikia sikuipata kwa kushindwa somo. Niliipata kwa kukataa kuandika nisichokiona, na mpaka leo sijutii.

Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya kutwa upande wa Nyegezi, Mwanza. Ilikuwa miaka ya tisini, serikali inajitoa kwenye jambo moja baada ya jingine, na gesi ya maabara ilikuwa imekwisha bila mtu kusema italetwa lini. Kwa hiyo jaribio la kutafuta kiwango cha kuchemka cha maji tulilifanya juu ya jiko la mafuta ya taa, kwa maji ya ziwa yaliyochujwa na kitambaa. Wasichana wanne, kipimajoto kimoja. Zebaki ilipanda mpaka tisini na sita, ikagoma. Maji yakatokota weee, haikusogea.

"Andika mia," mwenzangu akaninong'oneza. "Kitabu kinasema mia."

"Kitabu hakijachemsha maji haya."

Darasa zima liliandika mia. Mwalimu wetu alikuwa mkali wa mpangilio: lengo, vifaa, njia, matokeo, hitimisho. Ripoti yangu ilikuwa na vyote. Aliichora sifuri nyekundu, akaniita mbele.

"Nani amekufundisha kusoma kipimajoto?"

"Ni wewe, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Nikafukuzwa, nisirudi bila mzazi.

Mjini nilikaa kwa shangazi; baba alikuwa mkulima wa pamba kule Magu, nikamfuata huko. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini, kila mmoja na mizani yake, na baba alikuwa ameshagombana na wawili. Nilijua atauliza kama nilimkosea mwalimu adabu. Hakuuliza.

"Wewe uliona ngapi?"

"Tisini na sita."

"Basi twende."

Mwalimu alimwamkia shikamoo, baba akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mwalimu, fizikia mimi siijui. Lakini binti anasema aliona hivyo. Chemsha na sisi tuone."

Sikutegemea angekubali. Alichukua maji ya mvua, akawasha jiko, akatumbukiza vipimajoto viwili. Vyote vikasimama tisini na sita. Mwalimu akavitoa, akavifuta, akavirudisha. Tisini na sita.

"Mzee," akasema hatimaye, "mtihani wa taifa unataka mia."

Nilijibu mimi. "Wakiniuliza kitabu kinasemaje, nitaandika mia. Wakiniuliza nimepima nini, nitaandika nilichopima."

Hakuifuta sifuri. Aliniruhusu tu kurudi darasani.

Sikutosheka. Matokeo ni ulichokiona. Kama yanapishana na kitabu, mahali pa kubishana ni kwenye hitimisho, na huko hubishani mikono mitupu. Nilipekua kabati la vitabu vya zamani mpaka nikapata kimoja kisichokuwa na jalada, kikanieleza: kadiri mahali palivyo juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia. Mwanza yetu, pamoja na ziwa lake, iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Mia ya kitabu ilikuwa mia ya watu wa pwani!

Niliandika ukurasa mzima, nikaueleza na ule ubovu wa njia yetu, kwamba tulisoma kipimajoto kimoja na kwa mara moja tu. Nikauweka mezani kwa mwalimu. Aliurudisha kesho yake bila alama, na neno moja la wino mwekundu: "Nimesoma."

Jaribio lililofuata lilikuwa la pendula. Kabla hatujaanza, alisimama ubaoni akasema, bila kunitazama, "Kila kundi liandike namba zake." Alizitia vema zote, zilizopishana na kitabu na zilizopatana nacho, na siku ile hakuna aliyechungulia daftari la mwenzake.