Nilivumbika ndizi ndani ya saileji ya mama

Wakuu wa darasa la saba, na ninyi wadogo wa la tano mnaochungulia kwa nyuma, salaam.

Naanza na ujinga wenyewe ili msiniulize katikati: nilizika ndizi kwenye chakula cha ng'ombe. Haya ni ya kweli, sitii chumvi. Chumvi ilitiwa kwingine, mtaona.

Mnakumbuka Mwalimu wa kilimo alivyotufundisha saileji. Kata mahindi yakiwa mabichi, katakata, jaza shimoni, shindilia, funika kwa udongo. Ng'ombe atakula kiangazi chote.

Nikapeleka habari nyumbani Kigwa.

Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa, Sukari. Kila kiangazi Sukari hukauka, na mdogo wangu Kabula hulala na uji mtupu. Baba yuko kazini reli, Igalula, kwa hiyo mwenye shamba ni mama.

"Nikate mahindi mabichi?" akauliza. "Mwenye njaa ni nani, mimi au Sukari?"

"Mwalimu kasema, mama."

"Mwalimu wako ana watoto wangapi wanaokula?"

Lakini alikata. Robo nzima ya shamba, wakuu, mahindi yakiwa bado na maziwa. Alikata huku amenuna.

Tulishindilia siku mbili, mimi na rafiki yangu Masanja, tukicheza ngoma humo shimoni. Mama akafunika, akapiga udongo kwa jembe.

Sasa akili yangu. Shimo, majani, joto, udongo juu. Si ndivyo bibi anavyovumbika ndizi? Nikafukua pembeni, nikaingiza mkungu mbichi.

Na ndizi ukishazivumbika lazima uzichungulie. Kila baada ya siku tatu nafukua, nabonyeza, nafukia. Zikaiva! Zilikuwa na ukakasi fulani, ila Masanja alikula saba.

Tukaweka mkungu wa pili. Halafu wa tatu.

Mwalimu alishasema hewa ikiingia saileji imekufa. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilidhani anasema hewa nyingi, siyo ya tundu langu dogo.

Kiangazi kikakaza, mama akafungua shimo upande wa mbali. Wakuu, ilikuwa nzuri! Rangi ya zeituni, harufu kali kama togwa iliyolala. Sukari alinusa, akanitazama kama mwalimu mkuu, akageuka. Mama akanyunyiza chumvi. Sukari akarudi, akala mpaka akalamba karai.

Maziwa hayakukatika. Kabula akawa na masharubu meupe kila asubuhi, na mama akaanza kunisifu kwa majirani. Hapo ndipo nilianza kulipima shimo kwa hatua, maana kila siku alikuwa anasogea upande wangu.

Tulipofika katikati ya shimo, weusi. Ukungu mweupe, utelezi, harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Mama akatoa kapu la kwanza, la pili, la tano, anamwaga tu. Huwezi kumpa ng'ombe uozo ule.

Kapu la sita likatoka na ndizi. Moja, nyeusi.

Mama aliigeuzageuza. Akaja akaiweka juu ya daftari langu la kilimo, akaenda zake. Afadhali angenichapa.

Tangu siku hiyo mpaka mvua, nilikata majani kule bondeni, mzigo mmoja kabla ya shule na mmoja jioni. Mnaouliza kwa nini nasinzia kwenye hesabu, jibu hilo. Maziwa yalipungua, lakini kikombe cha Kabula hakikukosekana.

Nilichojifunza: saileji inafanya kazi, mimi ndiye sikufanya. Ukishafunika, ondoka, kacheze mpira.

Nimeacha nafasi chini ya karatasi hii niliyoibandika ukutani. Andikeni kwa penseli kama kuna mwingine aliyefukua. Masanja, usikane, saba nilizihesabu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mama alisimama mlangoni akitazama lile shimo likijaa maji. Ndipo akafungua mdomo:

"Mwakani tunachimba kubwa zaidi. Kufunika nitafunika mimi, na kitanda changu nitakiweka juu yake. Wewe ndizi zako utakula mbichi."