Nadhiri ya Elfu Kumi, na Moja Juu Yake

Wajerumani walipomchukua kaka yangu kwenda bara kuwabebea mizigo ya vita, baba aliweka nadhiri: zisomwe salawati za kumsalia Mtume elfu kumi, na moja juu yake, ili mwanawe arudi, na wasomaji wagawane sawasawa, asizidi mtu wala asipungue.

Tulikaa Kanga, kijiji cha kisiwani. Baba ndiye aliyewagawia watu mirathi, na hesabu alinifundisha mimi, kwa kuwa kaka hakuwa na subira nayo. Lakini hii ilimshinda. Wasomaji wawili, inabaki moja. Watatu, zinabaki mbili. Watano, wanane, kumi, inabaki ile ile moja. Saba, zinabaki tano. Alipofika thelathini na kitu aliacha, akalala ameelekea ukutani.

"Haigawiki," alimwambia mama. "Nimejifunga kwa namba isiyogawika. Mwanangu atapotea kwa ulimi wangu."

Nikaichukua mimi. Nilichora mchangani nyuma ya jiko. Namba isiyogawika kwa mbili haigawiki kwa nne wala sita, kwa hiyo hizo niliziruka. Wala sikuwa na haja ya kupita mia, maana mia mara mia ni elfu kumi. Kama kuna mafungu mawili yanayozidishana kuifikisha, moja halitazidi mia. Kila kilipobaki kitu nilisogea namba iliyofuata. Hamsini na tisa, kikabaki. Sitini na saba, kikabaki. Sabini na tatu, hakikubaki kitu. Nilifuta, nikarudia, ikawa vile vile.

"Baba, wakiwa watu sabini na watatu, kila mmoja atasoma mia moja thelathini na saba."

Alihakikisha mwenyewe kwa kidole juu ya mkeka. Kisha akasema, "Nitawatoa wapi, mwanangu? Wanaume wamechukuliwa."

"Kwani wanawake hawana ndimi?" mama aliuliza kutoka ndani. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kusimama.

Tulisoma Ijumaa, baada ya sala. Wanaume waliobaki walikaa msikitini, sisi wanawake uani kwetu. Wengine walitoka kijiji cha Kiegeani kwa miguu. Tulipohesabiana pamoja na wale wa msikitini, alipungua mmoja. Tukamtoa mama na kitanda chake, idadi ikatimia. Jioni ile baba alikula akashiba.

Kaka hakurudi. Vita vilipokwisha alikuja mtu aliyebeba mizigo pamoja naye, akatuambia kaka aliharisha damu njiani akafa, wakati wa kupanda mpunga. Sisi tulisoma mpunga ule ukiwa umeshavunwa.

Mama akasema, "Basi zilimfikia kaburini."

"Kaburi?" Baba alimgeukia yule mgeni. "Alichimbiwa na nani?"

Yule mtu aliomba maji ya kunywa. "Hatukuruhusiwa kusimama," alisema.